Mbona Olivier hamkumtaja?

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka 14 na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipokosea. Lakini ile makala yenu iliyowatembeza wasomaji kwa miguu katika jiji la Québec imenikaa rohoni, na nisipoyasema haya nitaugua. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Québec, na njia aliyoieleza mwandishi wenu naipita nikienda kazini: baraza ya mbao ya Dufferin chini ya hoteli ya Château Frontenac, ngazi za Casse-Cou, vichochoro vya Petit-Champlain, mpaka uwanja wa Place Royale karibu na mto Saint-Laurent. Humo hakukosea kitu. Mfaransa Samuel de Champlain alianza kuujenga mji huu mwaka 1608, kweli. Kuta za ngome zina urefu wa kilomita 4.6, kweli. Mji mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1985, kweli. Lakini Olivier Le Jeune, mtoto mweusi aliyeuzwa hapa miaka ileile ya mwanzo, je?

Mwaka juzi mwezi wa Oktoba mpwa wangu wa miaka 10 alikuja na mama yake kunitembelea. Nikawalipia matembezi ya saa mbili. Ilikuwa mvua ya manyunyu, na ule upepo wa mtoni unaopenya mpaka kwenye mifupa. Tulipofika bustani ya Montmorency, mwongoza watalii akatusimamisha kwenye mnara wa kumbukumbu ya Louis Hébert, mlowezi Mfaransa wa mwanzo hapa. Pale chini yupo mkwewe, Guillaume Couillard, mtu wa shaba na plau yake, maji yanamchuruzika. Tukaambiwa huyu ndiye wa kwanza kulima huku kwa plau ya ng'ombe, mwaka 1628. Mtoto akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiingereza chake cha shule: watu weusi walikuwepo wakati huo? Akajibiwa hapana, walikuja baadaye sana. Mwavuli ukafunguliwa, tukasonga mbele. Mpwa wangu akanigeukia mimi. Jibu nilikuwa nalo na sikulitoa, nikiogopa kumwaibisha mtu mbele ya wageni, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwa sababu mtu mweusi alikuwepo, Mhariri, na alikuwa nyumbani kwa huyohuyo Couillard! Alikuwa mtoto wa Bukini, Madagaska, kisiwa jirani yetu katika bahari moja, mdogo kuliko mpwa wangu. Aliletwa na kina Kirke, Waingereza walioiteka Québec mwaka 1629. Wakamuuza. Wafaransa waliporudi mwaka 1632 mtoto akaachwa kwa Couillard. Padri Paul Le Jeune alimfundisha kusoma, na ni padri mwenyewe aliyeandika kwamba mtoto alipoambiwa ubatizo utamfanya awe kama wao, aliingiwa na hofu kuwa itabidi achunwe ngozi, maana wao weupe na yeye mweusi. Mtoto mdogo, hana mama, hana mtu wa lugha yake ng'ambo nzima ile, anafikiri atachunwa! Akabatizwa mwaka 1633, akapewa jina la Olivier, na la pili akachukua la padri. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote. Mwaka 1638 alitiwa minyororo siku nzima kwa kosa la kumsingizia mtu. Alikufa Mei 1654, hajafika makamo, na kwenye daftari la maziko wakamwandika mtumishi. Couillard ana sanamu. Couillard ana mtaa ndani ya ngome, rue Couillard, ambao mwandishi wenu ameusifia kwa maua ya madirishani.

Na hili si la Québec peke yake. Kurasa zenu za safari siku hizi zinasomeka kama vipeperushi vya mahotelini vilivyotafsiriwa, bei ya kahawa imo, mtu hayumo. Kwetu Mkunazini mgeni hamalizi robo saa bila kuonyeshwa soko la watumwa lilipokuwa, na ni haki aonyeshwe. Kwa nini mji wa Ulaya au Amerika tuupambe kwa maua tu, tena kwa kalamu zetu wenyewe?

Ninachotaka ni hiki. Mchapishe habari za Olivier Le Jeune kwenye ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule mlioipa picha ya hoteli, siku ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndipo dada yangu hununua gazeti na mpwa wangu hulisoma kabla ya madrasa. Na mwandishi wenu akija tena huku, anitafute. Nitamsimamisha mbele ya ile plau dakika tano, nimsimulie yote, kisha tutateremka mtoni kwa ngazi.

Msomaji wenu,
Québec, Kanada