Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: upepo wa Singida usisubiri ukame mwingine

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Keko, Dar es Salaam. Mimi ni fundi seremala. Randa na msumeno wangu vyote ni vya umeme, na migao ya 2022 na 2023 ilitukuta na oda za watu mkononi, vitanda vimeishia nusu. Nakuandikia kuhusu kuzalisha umeme kwa upepo wa Singida.

Jibu nitakalopewa nalijua: Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, megawati 2,115, umeme upo. Ni kazi kubwa na naipongeza Serikali kwa moyo wote. Lakini vituo vya umeme wa maji vya Mtera, Kidatu na Kihansi, Mheshimiwa, vyote vimo katika bonde la Rufiji, bonde lile lile linalolijaza bwawa jipya. Mvua ikigoma huko juu, vituo vyote hivyo vinaumia kwa pamoja. Gesi ya Songo Songo na Mtwara inatubeba, ila nayo ina mwisho wake.

Upepo wa Singida huvuma kwa nguvu zaidi kiangazi, wakati maji ya mabwawa yanashuka. Hapo ndipo penye faida kuliko pote. Hata sisi wa pwani tunaijua kusi ya Juni na Julai inavyosukuma. Vipimo vya Kititimo, Singida, vilitoa wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, na Makambako 8.9. Huo ni upepo mkali, na kasi ndiyo kila kitu katika kazi hii: upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu iliyomo ndani yake huwa mara nane.

Wenzetu Kenya walisimamisha mitambo 365 kule Marsabit, megawati 310, ikakaa bure kwa sababu njia ya kusafirisha umeme haikukamilika mpaka 2018. Kwetu njia ipo. Laini ya kilovolti 400 ya Iringa hadi Shinyanga inapita Singida, na kutoka hapo nyingine imekwenda Namanga hadi Kenya. Mitambo ndiyo haipo, na habari za miradi ya Singida tunazisikia kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Mufindi, mradi mdogo wa Mwenga wenye mitambo mitatu, megawati 2.4, unazalisha tangu 2020. Kwa hiyo inawezekana, tena hapa hapa nchini.

Naomba wananchi tuambiwe mikataba ya kuuziana umeme imekwama wapi: ni bei, ni dhamana, au ni ardhi? Kama ni ardhi, wanavijiji walipwe kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Marsabit suala hilo lilifika mahakamani. Na tarehe ya kuanza ujenzi Singida naomba uisome Bungeni, katika hotuba yako ijayo ya bajeti.

Wako,
Fundi seremala, Keko