Anayejua maana ya "hayupo" apewe nafasi ya uzamivu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Kwa miaka 14 nilikuwa mdadisi wa tafiti za afya vijijini wilayani Magu, kwanza kwa miguu, baadaye kwa baiskeli. Kwenye dodoso kulikuwa na kisanduku cha kujaza namba: 1 amehojiwa, 2 amekataa, 3 hayupo. Nataka kuizungumzia hiyo namba 3.

Ikishaingia kwenye kompyuta, "hayupo" wote ni sawa. Kwetu hawakuwa sawa. Mmoja yuko kambi ya dagaa huko Ukerewe na hatarudi hadi mwezi ugeuke. Mwingine yuko majarubani, mwendo wa saa mbili. Mwingine yuko nyuma ya nyumba anasubiri niondoke, maana tulikuwa tunapima virusi vya Ukimwi na majirani wana macho. Sasa ukimchukulia yule kijana wa dagaa kwamba anafanana na mama niliyemkuta anachambua mchicha, kiwango cha maambukizi utakachotangaza si cha kijiji, ni cha waliokaa nyumbani. Wapo watu wanaosomea jambo hili hili hadi shahada ya uzamivu: ukadirie vipi pale majibu yanapokosekana, na yanakosekana kwa sababu.

Umri nao una vituko vyake. Nusu ya kijiji wana miaka 40, 45 au 50, hakuna wa 43. Nilijifunza kuuliza, "MV Bukoba inazama, huyu mtoto ulikuwa umeshambeba mgongoni?" Hapo angalau tunajua tuko upande gani wa Mei 1996.

Binti wa marehemu kaka yangu ana shahada ya uzamili ya takwimu. Kazi yake leo ni kukadiria nani atashindwa kulipa mkopo wa bodaboda. Mwaka jana alinionyesha kwenye simu tangazo la chuo kimoja cha Ulaya: nafasi ya uzamivu, mbinu za takwimu katika epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, kwa kutumia data zilizokusanywa Afrika Mashariki. Ada inalipwa yote kwa raia wa huko. Mgeni ajazie tofauti mwenyewe. Akaniuliza, "Shangazi, hizi si zile namba zenu?" Sikuwa na la kumjibu.

Wala Mwanza si mgeni wa elimu hii. Kati ya 1991 na 1994 yalifanyika hapa majaribio yaliyosomwa dunia nzima: jamii 12, sita zikaboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati, sita zikasubiri. Matokeo yalipotoka 1995, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40 kule kwenye tiba. Waliopimwa ni maelfu, lakini mtakwimu anakumbuka kwamba kura ya nani aanze kupata tiba ilipigwa kwa jamii, si kwa mtu mmoja mmoja, na watu wa sehemu moja hufanana. Usipolijali hilo utajiona una uhakika usiokuwa nao.

Sisemi nafasi hazipo kabisa. Upo muungano wa vyuo vya Afrika, SSACAB, unaosomesha vijana biostatistiki, yaani takwimu za afya. Lakini data ni nyingi kuliko viti.

Ombi langu ni hili. Data za afya hazitoki nchini bila makubaliano yanayopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kwenye karatasi hiyo hiyo liongezwe sharti: mradi mkubwa ukitaka kuondoka na data zetu, ulipie kiti kimoja cha uzamivu kwenye chuo cha hapa, ada na posho, na msimamizi wa kule amsimamie pamoja na wa hapa. Na mwanafunzi huyo, kabla hajafungua kompyuta, atembee na wadadisi msimu mmoja wa mpunga.

Baiskeli yangu ipo, inataka mpira wa nyuma tu.

Mdadisi mstaafu,
Magu, Mwanza