Machungwa yasilale hemani

Tabata, Jumanne usiku

Mwajuma shoga yangu,

Salamu kwa mkupuo mmoja: wewe, Baba Nasra, watoto, na mama mkwe kama bado yupo hapo kwako. Huku wazima, ila maji ya bomba ndiyo yaleyale. Sauti zako zote kumi na moja za safari yenu ya kupiga kambi hifadhini nimezisikiliza kwenye daladala, na konda kazisikia pia. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu porini mtandao huja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Printi, Hamisi aiweke kwenye dashibodi.

Sasa, machungwa nusu gunia. Eti yatalala ndani ya hema yasiibiwe. Mwajuma! Mwizi wa huko ana mkonga. Pua ya tembo haina mshindani, na kitambaa cha hema kwake ni kama gazeti la kufungia maandazi. Haji kwa ubaya, anafuata chungwa lake, sasa nyie ndio mmelala katikati. Kambi za hifadhini, Mikumi na Ruaha kote, hazina uzio wa kumzuia. Kwenye gari napo si salama kwa matunda, anaweza kuvunja kioo akayatoa. Kwa hiyo machungwa, ndizi na maembe yaliwe kabla ya geti. Mkitaka mengine, nunueni mkirudi.

Vyakula vingine vikae kwenye ndoo za mfuniko wa kubana, ndani ya gari, vioo juu. Msisahau dawa ya meno, losheni ya mtoto na ile kanga utakayofutia mikono ya samaki; navyo vinanukia. Viatu vya ngozi na sufuria isiyooshwa visilale nje, fisi anatafuna ngozi kama wewe unavyotafuna muwa. Maganda na mifupa msizike, atafukua. Fungeni kwenye mfuko mrudi nayo.

Pikeni mapema, kabla jua halijazama, hatua kama thelathini kutoka hemani, na upepo usielekee kwenye hema. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unawatosha, na kuni za hifadhini haziokotwi.

Halafu zipu. Lile hema la Shemeji Rajabu eti dirisha mtalibana kwa pini? Hapana. Simba mara nyingi hulipita hema lililofungwa kama anavyopita jiwe, lakini lililo wazi, lenye mguu wa mtu unaochungulia, ni habari nyingine. Kabla hujaenda kwa fundi angalia hivi: meno ya zipu mara nyingi ni mazima, kilichopanuka kwa mchanga ni kichwa chake. Kibane kidogo kwa koleo, upande huu na huu, kisha pitisha kipande cha mshumaa kwenye meno. Ikiendelea kuachia, hapo sasa fundi wa mabegi, abadilishe kichwa. Mchana mkitoka, tieni kikufuli cha begi, maana nyani zipu wanaifungua kwa vidole. Wakinusa mkate, kikufuli hakisaidii, wanachana. Unaona tunarudi kulekule kwenye harufu?

Kusimika: msikae karibu na maji hata kama panapendeza kwa picha. Kiboko hutoka usiku kula majani na kurudi kabla ya kukucha, na ubaya wake huanza pale unapokuwa kati yake na maji. Njia yake utaijua: mifereji miwili sambamba iliyokanyagwa, katikati kimebaki kituta cha majani, na vichaka vya pembeni vimerushiwa mavi. Msilale chini ya mwegea pia, ule mti wa matunda marefu yanayoningʼinia. Tunda lake lina kilo kadhaa, likidondoka si mchezo, na wapo wanyama wanaolifuata.

Usiku hakuna kwenda chooni. Kopo lenye mfuniko, mama mkwe naye akubali. Ikilazimu kutoka, mulikeni tochi pande zote kutoka mlangoni kwanza. Kungʼuteni viatu kabla ya kuvaa, nge hupenda kulala humo. Akiumwa mtu na nyoka, msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Mvueni pete na bangili, kiungo kisitikisike, hospitali moja kwa moja.

Tembo akifika kambini mkiwa hemani, kimya, na tochi msimmulike usoni. Mkiwa nje, ingieni garini kwa mlango wa upande wa pili. Masikio yaliyotanuka na kichwa kinachotikiswa mara nyingi ni onyo. Akiyabana nyuma na kukunja mkonga, huyo hatanii. Dume lenye michirizi ya majimaji kati ya jicho na sikio lipeni nafasi kubwa zaidi. Simba mkikutana naye kwa miguu, msikimbie. Mtazameni, mrudi kinyumenyume polepole.

Mbungʼo nao wanavutwa na bluu iliyoiva na nyeusi, jinzi ziacheni. Jezi ya Simba ya Baba Nasra sijui kama simba wenyewe wanatambua mashabiki. Getini hakuna kulipa taslimu, ni kontrol namba au kadi, na kibali ni cha saa 24. Ile lami inayokatiza Mikumi msiipite usiku; wanyama wanavuka, na kugonga kuna faini.

Sasa nijibu. Mnalala Mikumi tu au mnafika Ruaha? Mkipita Ruaha Mbuyuni vitunguu vyangu utakumbuka, au niandike kwa herufi kubwa? Tairi la akiba lina upepo? Mama Asha kakurudishia zile ndoo za mfuniko? Kichwa cha zipu umekiangalia? Na yale machungwa, Mwajuma, nani atayala kabla ya Jumamosi?

Ni mimi shoga yako,
Zuhura