Maua ya Kitulo na tumaini la ufufuo

Ndugu Mhariri,

Mahubiri ya Pasaka mara nyingi huazima mfano wa maua yanayochipua Ulaya baada ya theluji, ilhali sisi wa Mbeya tuna Kitulo, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa. Wakati wa kipupwe baridi huacha nyasi zimekauka, lakini chini ya udongo viazi vya okidi vimelala vikiwa hai. Mvua za Novemba zikishanyesha vinachipua, na kufikia Februari uwanda umejaa maua ya njano, meupe na ya zambarau. Kwangu hilo linafundisha ufufuo kuliko mayai ya rangi, ambayo kusema kweli sijawahi kuyaelewa. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho habari za mbegu ambayo sharti ife kwanza.

Kinachonisikitisha ni kwamba viazi hivyo hivyo huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi vya okidi. Wachungaji na mapadri wetu, wanapohubiri tumaini, wawaeleze waumini pia kwamba okidi iliyong'olewa na kiazi chake haichipui tena mvua zijazo.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya