Barua kwa mwanangu: Laleni Nakuru

Kapkatet, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa Kiprono,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi hatujambo, isipokuwa goti lake ambalo limeanza tena kumsumbua tangu mvua ziliporudi. Nimesoma ujumbe wako kwamba Desemba hii bendi yenu itapiga Eldoret siku ya Ijumaa, Nakuru Jumamosi na Nairobi Jumapili mchana, na kwamba mmekubaliana kuondoka Nakuru usiku uleule mara tu mtakapofunga vyombo. Nimeifurahia sana ratiba hiyo, maana ulipoacha kazi ya benki nilisema maneno ambayo mama yako hajayasahau. Lakini asubuhi ya leo redio imetangaza habari za gari la wanamuziki lililopinduka usiku wa manane likitoka kwenye dansi, na tangu hapo chakula hakijanipita vizuri kooni. Nakuomba mlale Nakuru.

Sina haja ya kukukumbusha Jumapili zetu na gramafoni ya babu yako. Ile sarafu ya shilingi tano niliyoigandisha kwa utepe juu ya mkono wa sindano, ili santuri ya Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, isiruke, ingali palepale, na utepe umekuwa mweusi kwa moshi wa taa. Ninachotaka ukitazame ni jambo ambalo wakati ule hatukuwa tukilizungumza, nalo ni jinsi waimbaji wale wa kantri walivyokufa.

Patsy Cline alikuwa na miaka 30 tu. Alikuwa ametoka kuimba Kansas City, katika tamasha la kuichangia familia ya mtangazaji wa redio aliyekuwa amefariki, na mwenzake Dottie West alimsihi warudi pamoja kwa gari, akakataa kwa kuwa alitaka kufika nyumbani mapema. Jioni ya tarehe 5 Machi 1963 ndege yao ndogo ilitua Dyersburg kutia mafuta, na msimamizi wa uwanja akawaeleza kwamba hali ya hewa mbele ilikuwa mbaya, akawashauri walale hapo hadi asubuhi. Hawakulala. Ndege ikaanguka msituni karibu na Camden, Tennessee, wakafa yeye, waimbaji wenzake Cowboy Copas na Hawkshaw Hawkins, na rubani, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wake. Kila ninapofika Dyersburg katika kisa hiki nasimama kwanza, kwa sababu hapo walikuwa wameshuka tayari, wamekanyaga ardhi, na mtu mwenye nia njema anawaonyesha pa kulala.

Jim Reeves naye, mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai, alikuwa akirusha ndege yake mwenyewe kutoka Batesville, Arkansas, akiwa na mpiga piano wake Dean Manuel, akaingia katika dhoruba akiwa amekaribia kabisa Nashville. Watu walitafuta siku mbili kabla ya kuwapata. Hank Williams hakufa kwa ajali, lakini alifia kiti cha nyuma cha gari, miaka 29, usiku wa kuamkia Januari 1953, akikimbizwa kwenda kuimba Canton, Ohio, baada ya hali ya hewa kuzuia ndege, na aliyekuwa akiliendesha gari lile ni kijana mwanafunzi. Nakuomba uwafikirie hao wote utakapomwona dereva wenu akipiga miayo saa nane za usiku. Ukungu wa Kimende, huko njiani kwenda Nairobi, haumjui mwanamuziki. Mlale Nakuru.

Usidhani kwamba nataka uache muziki huu. Wapo wanaokuuliza kwa nini Mkipsigisi anaimba nyimbo za wachunga ng'ombe wa Texas, na mimi nataka uwe na jibu. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipofika hapa Kapkatet mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, aliwakuta wasichana wetu tayari wana wimbo wao wa Chemirocha, na jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ambaye watu wetu walimsikia kwenye gramafoni wakalitamka kwa ulimi wao. Babu yako alikuwa kijana wakati huo. Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Mississippi, aliimba muziki huu huu, na santuri zake za kwanza zilitolewa bila picha ili wasikilizaji wasimjue kuwa ni mtu mweusi. Kufikia mwaka 1971 chama cha muziki wa kantri cha Marekani kilimtangaza mtumbuizaji bora wa mwaka. Basi usiombe ruhusa kwa mtu yeyote.

Ila nami nina neno. Kwenye harusi ya binamu yako ulivuta maneno puani, ukataka kusikika kama mzaliwa wa huko, na sikuipenda. Reeves mwenyewe alianza kwa kupaza sauti kama wengine, halafu akaja kuishusha na kusogea karibu na maikrofoni, karibu mno, mpaka mtu akadhani anaambiwa yeye peke yake, na hapo ndipo alipojipata. Imba kwa sauti uliyo nayo unapoongea na mama yako jikoni. Ulipofika ubeti wa mwisho siku ile ulisahau kuiga, na mjomba wako aliyekuwa ameketi kando yangu akaacha kutafuna. Nilijivuna, ingawa sikukwambia.

Utasema kwamba sina haki ya kukufundisha habari za barabara za usiku. Ni kweli, na wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya ile pikapu tulipotoka Litein, umefunikwa koti langu, na unajua nilikuwa nimekaa wapi tangu saa kumi jioni. Mama yako hakuongea nami kwa wiki nzima, na hakukosea. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba taa za gari ndizo zilizoharibika. Taa hazikuwa na tatizo.

Ndiyo sababu narudia jambo moja kama mzee aliyeishiwa maneno. Don Williams, naye mwimbaji wa kantri, aliimba akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, kofia kichwani, bila haraka, akafika miaka 78. Wewe ukichelewa Nairobi Jumapili, watu watasubiri. Wakikasirika, wakasirike.

Bonasi ya chai imeingia, si haba. Tumelipa deni la mbolea na tumebadilisha mabati ya jiko, maana yalikuwa yakivuja juu ya kuni. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Betri ya sola haishiki tena chaji, kwa hiyo ukija uje na nyingine ukiweza, ya ukubwa uleule, nami nitakurudishia fedha. Jambo jingine ni lile gitaa lako la kwanza, lililopotea mwaka ule wa karo ya dada yako. Haliku­ibwa. Nimekuwa nikiulizia mjini kama aliyelinunua bado analo, na ameahidi kuniangalizia.

Nimekutumia shilingi 4,000 kwa M-Pesa, za vyumba vya Nakuru. Zisitumike kununua nyuzi wala mafuta ya gari. Mwonyeshe na dereva wenu barua hii, na mwambie kwamba hata yeye nimemhesabu katika hivyo vyumba. Mkishaamka na kunywa chai Jumapili, nipigie simu kabla hamjawasha gari. Nitakuwa nimekaa nje karibu na tangi, ambapo mtandao unashika.

Ni mimi,
Baba yako