Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Ukarabati wa Jengo na Huduma kwa Wakazi

Ndugu wanachama wenzangu,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wamiliki, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025. Hesabu za michango na matumizi atazisoma Mweka Hazina. Masuala ya ulinzi, taka na maegesho yamo kwenye taarifa ya Katibu mliyogawiwa mlangoni, na sina la kuongeza. Muda wangu nautumia kwa jambo lililomgusa kila mtu hapa: ukarabati wa jengo ambalo watu wanaendelea kuishi ndani yake.

Jengo lililokaa Upanga, Dar es Salaam, kwa miongo mingi limevuta hewa ya bahari muda wote huo. Chumvi hupenya kwenye zege, nondo zikashika kutu, na nondo yenye kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ndiyo sababu vipande vilikuwa vikidondoka kwenye baraza za upande wa mashariki. Mabomba ya zamani ya chuma nayo yalikuwa yameoza. Kwa kuwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, Na. 16 ya 2008, inatukabidhi sisi kama chama usimamizi wa sehemu za pamoja, kazi hii isingeweza kuachwa kwa kila mwenye nyumba na fundi wake.

Tulianza tukiwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakiwa ndani, na wengi wakapoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Tangu siku ile, mkazi anayesikia nguzo ikigongwa chini ya chumba anacholala mtoto wake ana haki ya kuuliza kinachogongwa ni nini, na ajibiwe na mtu anayejua. Hivyo kabla ya nyundo ya kwanza, mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi alikutana na wakazi jioni kwenye maegesho, akatandaza michoro juu ya meza na kujibu maswali hadi yakaisha. Kesho yake alipita ghorofa hadi ghorofa akipaka alama nyekundu kwenye kila nguzo na boriti isiyoruhusiwa kuguswa. Alama zile ziliwatuliza watu kuliko barua yoyote niliyowahi kusaini, kwa sababu mkazi na fundi walikuwa wanatazama kitu kimoja.

Hata hivyo, awamu ya kwanza ilileta malalamiko mengi, na nataka tuelewane kuhusu chanzo chake. Mkandarasi alijua kazi: plasta yake imenyooka, na mabomba mapya hayavuji. Watu waliumizwa na mambo mengine. Maji yalikatwa asubuhi bila tangazo, mama ana sabuni mikononi. Mafundi walibisha hodi wakitaka kuingia jikoni, na mwenye nyumba hana habari. Vumbi la kukata zege lilitua juu ya nguo zilizoanikwa. Anayeuliza aliambiwa na msimamizi, "Tutashughulikia," kisha kimya. Mkataba ulieleza unene wa plasta na aina ya bomba, lakini haukusema popote ni nani anayewajibika kwa mkazi. Palipokosekana mwenye jukumu, kila mtu alimsukumia mwenzake.

Kamati ilikaa na mkandarasi kabla ya awamu ya pili na kuandikishana makubaliano ya nyongeza. Kukata maji au umeme kunatangazwa saa 48 kabla, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwenye ngazi, kwenye lifti na kwa ujumbe wa simu: ni nyumba zipi, kuanzia saa ngapi, yatarudi saa ngapi, na apigiwe nani yasiporudi. Siku ya kukata, boza la maji linakuwa limeshafika. Fundi haingii nyumba ya mtu bila kitambulisho na bila mwenyeji kuwepo. Mkandarasi akamteua dada mmoja kutoka ofisini kwake, kazi yake pekee ikiwa kuwasikiliza wakazi, akapewa meza chini karibu na mlinzi na simu ya mradi.

Simu hiyo ilikuwa muhimu, kwa sababu kundi letu la WhatsApp halifai kupokea malalamiko. Mtu anaandika kwamba dari linavuja, halafu zinafuata salamu za pole, tangazo la mandazi na dua, na dari linasahaulika. Sasa kila tatizo linaandikwa kwenye daftari: saa, nyumba, limepokelewa na nani, fundi anakuja lini. Kanuni tuliyoisisitiza zaidi ya zote ni kwamba fundi hafungi tatizo. Analifunga mkazi kwa saini yake, baada ya kuona kwa macho yake. Mafundi walinung'unika wiki za mwanzo. Baadaye baadhi yao ndio waliokuwa wakimwita mwenye nyumba aje ajaribu bomba kabla hawajafunga mabegi yao.

Niseme pia kuhusu lifti. Ratiba ya kwanza ilitaka izimwe mfululizo hadi matengenezo yaishe. Ghorofa ya nne anaishi mama anayekwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kurudi huwa hana nguvu za kupanda ngazi hata moja. Yeye si mwanachama, ni mpangaji. Dada wa dawati ndiye aliyeligundua hilo, kwa kugonga mlango mmoja mmoja na kuuliza nani ana mgonjwa, mzee au mtoto mchanga. Mafundi wakapangiwa siku ambazo mama huyu hatoki, na kila jioni lifti ikarudishwa kazini. Kazi ilichukua muda mrefu zaidi na ilitugharimu. Naitetea gharama hiyo mbele yenu bila kusita. Wapangaji hawapigi kura hapa, lakini vumbi ni lao, kelele ni zao, na kodi wanayolipa ndiyo inayowawezesha wengi wetu kutoa michango.

Mwezi wa Ramadhani, ambao mwaka huu ulikuwa Machi, kazi za kelele zilianza saa tatu asubuhi na kukoma kabla ya alasiri, ili waliokula daku wapumzike na wanaoandaa futari wafanye kazi yao kwa utulivu. Mvua za masika zilisimamisha rangi ya nje, na hilo halikuwa na dawa.

Kazi iliyobaki ni ngazi za nyuma na matenki ya juu. Kabla ya kuitangaza, Kamati inaleta kwenu maazimio mawili. La kwanza, makubaliano yale ya nyongeza yawe sehemu ya kila mkataba wa chama kuanzia sasa, na mzabuni aoneshe kwenye bei yake gharama ya dawati la wakazi. La pili, fedha za mkandarasi zinazozuiliwa hadi muda wa matazamio uishe, yaani muda wa kurekebisha kasoro baada ya kazi kukabidhiwa, zisiachiwe kwa cheti cha mhandisi peke yake. Daftari la malalamiko liambatanishwe, likiwa limefungwa kwa saini za wakazi. Najua baadhi yenu mnaona la pili litawakimbiza wakandarasi. Mkandarasi anayekimbia saini ya mkazi, mimi nisingemkabidhi matenki ya maji tunayokunywa.

Daftari lenyewe lipo mezani kwa Katibu. Ambao matatizo yao bado yako wazi wahakikishe yameandikwa leo, kwa sababu mkandarasi anarudi Jumatatu na mafundi wake, na ataanza na yaliyomo humo. Kura ya maazimio itapigwa mara tu Mweka Hazina atakapomaliza kusoma hesabu.