Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: boza la maji limekwama tena

Afande Mkuu wa Chuo,

Kwa heshima na taadhima, nakusalimu. Hii ni barua yangu ya nne kwako. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, na kila moja ilisainiwa kwenye kitabu cha mapokezi pale getini. Hii naiweka wazi kwa sababu ya niliyoyaona Jumatano iliyopita kwenye luteka ya kuhitimu.

Tulikaa jukwaa la wastaafu. Mizinga ilipigwa vizuri, maofisa wanafunzi wakapanda kilima kwa mpangilio, tukapiga makofi. Kufikia saa saba na nusu mchana boza la maji lilikuwa halijafika. Lilikuwa limezama kwenye mbuga ya mfinyanzi, kilomita chache tu nyuma, kwa kuwa hakuna aliyeikagua njia baada ya mvua ya juzi yake. Vijana wawili walianguka. Mmoja nilimwona kabla hajaanguka: ameipindua chupa yake, anaigonga kitako kwa kiganja, tone halitoki.

Mwaka juzi ilikuwa vilevile, kilima kilekile. Siku ile, Afande, ulishika kipaza sauti mbele yetu ukasema vipindi vya historia ya ugavi vitarudi kwenye ratiba muhula ujao. Mihula minne imepita.

Waulize vijana wako kuhusu mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Watakuambia habari za nyuki waliowauma askari. Nyuki walikuwapo, ni kweli. Lakini Jenerali Aitken wa Waingereza alikuja na watu wapatao 8,000 dhidi ya watu kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na hakutaka hata kupeleleza pwani kwanza. Tarehe 2 nahodha wa Fox, meli ya kivita ya Waingereza, akaingia bandarini kudai mji ujisalimishe. Muda huo ndio uliompa Lettow nafasi ya kupakia kombania zake kwenye reli ya Usambara huko Moshi na kuziteremsha Tanga. Reli ndiyo iliyopigana pale. Na Waingereza walipokimbilia merikebuni waliacha ufukweni bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000, na adui akazitumia. Ghala ulilolitelekeza linakuwa ghala la mwenzako.

Kuna hesabu niliyokuwa nikiiandika ubaoni kila mwaka, na ndiyo hasa ninayoililia. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25, naye anakula kilo moja kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku kumi, umrudishe siku kumi. Amekula kilo 20 njiani. Kambini ameacha kilo tano. Sasa una askari 1,000 mbele, kila mmoja anakula kilo moja: unahitaji wapagazi 200 wafike kila siku, maana yake wapagazi 4,000 wawe barabarani muda wote, kwa chakula pekee. Risasi bado, dawa bado, na mvua haijanyesha. Sogeza askari wako mwendo wa siku kumi na tatu, mpagazi anakula mzigo wote na deni juu. Nilipofika hapo darasa lilikuwa linanyamaza. Nimewaona vijana wakirudia hesabu ile kwenye viganja vyao, hawaamini.

Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Waingereza, aliipata hesabu hiyo kwa njia ngumu. Mwaka 1916, ukitazama ramani, alishinda kila mahali: Kondoa Irangi mwezi wa nne, Dodoma mwezi wa saba, Morogoro mwezi wa nane, Dar es Salaam mwezi wa tisa. Nyuma ya ramani farasi wanakufa kwa ndorobo, magari yamelala kwenye matope, madaraja ya reli ya kati yamevunjwa na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari na watu 1,135. Oktoba waliokuwa wazima walikuwa 116, wala hawakumalizwa na risasi.

Na waliobeba? Kwa Waingereza peke yao, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inazidi 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la jeshi lao, Carrier Corps, ndilo lililobaki Kariakoo. Kijana wako anapita Kariakoo kila likizo na hajui anatembea juu ya nini. Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina mtu mmoja mwenye bunduki. Nairobi, mpagazi angalau amesimama pamoja na wenzake.

Mimi mwenyewe nililijua jambo hili kabla sijavaa gwanda. Mwaka 1979 nilikuwa utingo kwenye lori la raia lililochukuliwa kusaidia vita ya Kagera. Tulibeba unga. Kule mbele ya Kyaka, ambako daraja lilikuwa limelipuliwa na jeshi la Amin na wahandisi wetu wakalazimika kuweka jingine, nililala matopeni chini ya ekseli usiku kucha nikipanga mawe, huku askari mmoja akija kila baada ya muda kuuliza kwa upole, "Bado?" Hakunigombeza hata mara moja. Sauti ile ninayo mpaka leo.

Kwa nini somo liliondolewa sijaelezwa. Nahisi ni kwa sababu wageni huja kutazama mizinga, na hakuna mgeni anayealikwa kutazama gunia. Au ni cheo changu: sajinitaji atawafundishaje watu watakaokuwa makanali? Kama ni hilo, mpe somo mwenye nyota, nami nitamkabidhi madaftari yangu yote. Nimeyatoa nakala mara mbili kwa pensheni yangu. Jicho la kushoto limeshaingia mtoto wa jicho, na Januari nilikaa kwenye benchi la getini tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, nikaambiwa umetoka kwa mlango mwingine.

Niliomba kwanza muhula mzima. Halafu nikaomba vipindi viwili kwa wiki. Leo naomba kipindi kimoja, Afande, kabla ya luteka ijayo, darasa lolote lenye ubao. Wale vijana wawili wamesharuhusiwa kutoka hospitali, nimeuliza. Naomba nao wawemo. Chaki nitakuja nayo.

Wako mtiifu,
Sajinitaji mstaafu, ugavi